Ile Miezi Kumi na Mmoja

Nakivale, Base Camp,
Kijiji cha New Congo,
Isingiro, Uganda.
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Élyse,

Nakushika mkono kutoka mbali, na mkono wa pili nauweka kwenye bega la shemeji Bienfait. Habari za huko Winnipeg? Baridi imewaachilia? Gisa anaendelea na meno yake? Ile picha akiwa ndani ya koti nene kama godoro tuliicheka mpaka Baudouin wangu akakohoa. Na kichwa chako kilichokuwa kinakuuma, ulikwenda kwa dokta? Usiniambie tena ni uchovu tu. Niambie kweli.

Sisi huku tunapumua, tumshukuru Mungu. Mvua ilikatika katikati ya mwezi wa tano, mahindi yakafika kiunoni yakagoma. Mguu wa Baudouin unamsumbua jioni, lakini viatu vya watu bado anashona. Mimi mgongo wangu unaujua. Bugari ya mahindi tunapata, samaki wadogo wa ndagala siku nyingine.

Najua utashangaa kuona karatasi zimepigwa picha badala ya sauti yangu. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, unaijua. Nikikutumia sauti, Béné atasikia, na ukijibu kwa sauti atasikia tena, na masikio ya mtoto huyu hayasahau kitu. Ndiyo maana naandika. Nimeandika vibaya, mkono umesahau, mimi shule yangu iliishia la nne, lakini soma polepole utanielewa. Ukimaliza, tafadhali usinipigie siku hiyo hiyo. Kaa nayo kwanza.

Habari yenyewe ni ya Bénédicte.

Yuko darasa la saba sasa, miaka kumi na mitatu, ananipita urefu. La nne alilirudia mara mbili, hilo ulilijua. Lile nisilokwambia ni kwamba mpaka leo hawezi kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho. Anaanza vizuri, mstari wa pili anaruka, wa tatu anarudi juu, kisha utamkuta anaangalia dirisha. Nikimtuma maji anarudi bila hata bidoni ya kuchotea. Anaosha sahani moja anafuata kuku, sufuria inaungua. Halafu Jumapili huyo huyo anaimba wimbo mzima wa kwaya aliousikia mara moja, sauti ya kwanza na ya pili, anasahihisha wakubwa! Mimi nilimwita mvivu, Élyse. Nilimwita hivyo mbele ya watu. Nilimpiga pia, usinifikirie mwema.

Mwaka huu akampata mwalimu mmoja wa hapa Isingiro, mwalimu Benon, kijana mpole. Alikuja nyumbani kwa miguu, akakaa kwenye kigoda cha Baudouin cha kushonea, akasema, "Mama, huyu mtoto si mjinga. Mimi namuuliza kwa mdomo, anajibu yote. Nampa karatasi, anakufa." Akasema kuna mama mmoja Mbarara, huko Kamukuzi, anapima watoto namna hii, anaona shida iko wapi, anaandika ripoti. Ripoti ikifika pamoja na fomu ya shule kabla ya mwisho wa mwezi huu wa sita, Béné anaweza kupewa muda wa kuongeza kwenye mtihani wa mwisho wa la saba, na mtu wa kumsomea maswali. Bila ripoti atafanya kama wengine. Na akianguka, mkuu wa shule amekwisha kusema atarudishwa la tano, akae na watoto wanaomfika kifuani. Béné ameniambia waziwazi harudi. Na wewe unajua msichana wa miaka kumi na mitatu anayeacha shule hapa anaelekea wapi. Wa jirani ameolewa mwezi wa pili.

Basi habari ikatoka, kambi haina siri. Mama Orpa wa nyumba ya tatu akaniita kwenye bomba mbele ya wanawake wote: "Mama Béné, ni kweli batu ba Mbarara banapima kichwa? Na bakikuta akili haiyenee, banaongeza?" Wakacheka mpaka bidoni zikamwagika. Nikamwambia, "Bataanza na ulimi yako, banapunguza." Nikacheka pia. Lakini nilirudi nyumbani bila kujaza bidoni.

Kwa sababu mimi niliogopa kitu kingine. Prosè yetu, ile faili ya kwenda kuishi nje, imeamka, Élyse. Miaka sita ililala, mwezi wa tatu wakatuita, wakatupiga picha upya, wakatuuliza yale yale ya zamani. Sasa mtu mwingine tena, mwenye ofisi na kalamu, anataka kumuuliza mtoto wangu maswali na kuniuliza mimi? Hapa akili yangu ikafanya kazi kama inavyofanya kazi ya kila mkimbizi. Maswali ni maswali. Karatasi zinajuana. Ukisema hapa hivi na pale vile, umekwisha.

Nikaanza kumfundisha. Wiki nzima, tukichambua majani ya sombe, tukifua, tukipalilia: uliondoka kwenu lini, na nani, mlipitia wapi, mlifika lini. Ile historia yetu ya kwenye faili, unaikumbuka. Tulikimbia kwetu Lulimba tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, sote wanne pamoja, mimi, Baudouin, wewe na mtoto, hatukuachana hata siku moja. Béné akaishika siku ya kwanza tu. Akaniuliza, "Mama, lakini mwalimu alisema kule hakuna jibu mbaya." Nikamwambia, mwalimu ni raia wa hapa, yeye ajue nini?

Tulikwenda Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Huyo mama wa kupima anaitwa Stellah. Ni Munyankore wa huku huku, lakini baba yake alikuwa askari, amekulia ndani ya kambi ya jeshi ya hapo Mbarara, kwa hiyo Kiswahili anacho, kile cha kijeshi. Hata akisema pole unajisikia kusimama wima. Nilimuogopa, kisha nikampenda, kisha nikamuogopa tena.

Mimi nilikaa kwenye benchi, mlango umeachwa wazi kidogo. Alimuuliza Béné kwa upole, "Haya, niambie habari yako." Mtoto akasimama, mikono nyuma, akaanza: "Ninaitwa Bénédicte, tulikimbia tarehe kumi na mbili mwezi wa sita mwaka elfu mbili na kumi na mbili, sote wanne pamoja..." Bila kupumua, mpaka mwisho, kama anasema mstari wa Biblia mbele ya mchungaji. Stellah akasema, "Asante. Sasa niambie wewe napenda kula nini." Na mtoto akageuka kunitafuta mlangoni, maana hilo sikumfundisha.

Kisha wakafanya kazi zao. Vipande vya rangi vya kupanga kama picha. Maneno ya kusoma. Namba: Stellah anataja, Béné anarudisha. Mpaka namba saba alirudisha bila kosa, nikainua kichwa pale benchi. Kisha akaambiwa azitaje kwa kurudi nyuma. Namba tatu tu, akapotea. Aliinuka kwenye kiti mara nne. Mara moja alikwenda kumtazama mbuzi nje ya dirisha, akamsalimia.

Na kuna kitu nataka ukisikilize vizuri, Élyse. Béné akisoma anagonga kifua chake kwa vidole viwili, hapa juu kwenye mfupa. Amefanya hivyo tangu mdogo. Mwalimu wa la nne alimchapa kwa ajili hiyo, na mimi nilimfunga mkono kwa kipande cha kitenge mwezi mzima ili aache. Stellah yeye alimwangalia tu. Akampa aya asome huku anagonga: akafika mwisho, pole pole lakini akafika. Akampa nyingine, akamwambia mikono mezani: mstari wa pili, kwisha. Akanitokea mlangoni akauliza, "Mama, hii ya vidole nani alimufundisha?" Nikasema hakuna mtu, ni tabia mbaya tu.

Zamu yangu ikafika. Alikuwa na makaratasi marefu. Mimba ilikuwaje, alizaliwa wapi, alilia? Hayo nilijibu, hayo ni yangu. Kisha: alianza kusema lini? Alipata homa kubwa? Alitetemeka mwili? Alianguka? Alikosa chakula muda mrefu kabla ya miaka mitatu? Na mimi, mdogo wangu, nikajibu faili. Tulikuwa pamoja, hatukuachana. Alisema akiwa na mwaka mmoja na nusu. Hakuugua. Hakuanguka. Hakukosa. Nilikuwa najibu kabla hajamaliza kuuliza.

Stellah akaweka kalamu chini. "Mama," akasema, "mimi ni mtoto ya barracks. Sauti ya mutu anajibu ofisa, hiyo najua tangu nanyonya. Mimi hapana ofisa." Akamwita Béné, akamgeuza kichwa, akaweka kidole nyuma ya sikio la kushoto, pale penye kovu. "Na hii?" Nikasema alizaliwa nalo. Akanitazama. "Kovu hapana kuzaliwa, mama."

Nilitamani sakafu inimeze na benchi lake.

Hakunigombeza. Alinieleza polepole kwamba akili ya Béné ni nzuri, ya kusikia na kukumbuka inapita ya wenzake, na shida yake iko kwenye kusoma na kwenye kutulia, na shida hizo zina majina yao. Lakini hawezi kuandika kama mtoto alizaliwa hivyo, au ni homa, au njaa, au pigo la kichwa, mpaka ajue miaka ile ya kwanza. Kama ni kichwa, anatakiwa kuonwa na dokta wa hospitali kabla ya yote. Akasema karatasi zake haziendi kwenye ofisi ya wakimbizi, zinakwenda shule tu. Akanipa mpaka tarehe ishirini na moja ya mwezi huu.  Njiani kurudi, tulipofika Kabingo, Béné akaniuliza, "Mama, nimeanguka?" Nikamwambia, "Hapana. Ni mimi nimeanguka."

Baudouin nilipomwambia, alitoboa kiatu cha mtu. Akasema, "Jocelyne, kichwa ya mtoto itangoja. Prosè ikianguka haiamuki tena." Nikamwambia kichwa kimengoja miaka kumi na mitatu. Akasema, "Na ya Élyse je? Naye alisema historia ile ile kule Canada." Hapo nikatoka nje, kwa sababu alisema kweli. Siku nne tulikula bila kuongea, kila mmoja akimwambia Béné ampe mwenzake chumvi.

Sasa nikuambie yale ambayo mimi na wewe hatujawahi kusema.

Nilikuachia mtoto siku tatu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, yeye miezi kumi na saba. Nilikwambia nampeleka Baudouin hospitali ya Baraka na ule mguu wake wa risasi, Alhamisi nimerudi. Njia ikafungwa. Siku tatu zikawa miezi kumi na mmoja. Nilikukuta umekaa chini kwenye mapokezi ya wakimbizi ya Kabazana, hapa Nakivale, wiki mbili ulikuwa hapo, hujaandikishwa wala kupigwa picha bado, mtoto yuko mgongoni, miguu yake inafika kwenye magoti yako. Nikamwita kwa jina, akaficha uso kwenye shingo yako. Alikuwa hasemi. Hata neno moja. Na kovu lilikuwa limekwisha kupona.

Yule mzee aliyekuwa mbele yetu kwenye mstari wa kuandikishwa akatuambia historia yenye matawi inatupwa, semeni mlikuja pamoja. Tukasema. Tukasema mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini, nikawa naona kabisa ninavyotembea na ninyi kwenye ile njia. Kila nilipotaka kukuuliza, uliinuka ukaenda kuchota maji. Nikaona, basi, nisimguse. Nilijiambia nakuhurumia. Leo nakiri kwako, nilikuwa najihurumia mwenyewe. Ukinisimulia ulipopita na mtoto wangu, itabidi nijue kwamba mimi sikuwepo.

Ijumaa nilirudi Mbarara peke yangu. Nilimwambia Stellah ukweli, ule mdogo ninaoujua: kwamba sikuwepo, tangu mwezi gani mpaka mwezi gani, na kwamba anayejua ni mdogo wangu. Sikutaja jina lako wala nchi uliyopo. Alitoka akaniletea chai ya maziwa, akaandika, akaacha nafasi tupu katikati ya ukurasa. Aliniambia, "Hapa nangoja." Nafasi kama ya viganja viwili, Élyse. Tangu Ijumaa naiona kila nikifumba macho.

Kwa hiyo nakuomba. Alipata homa? Ya namna gani, ya siku ngapi? Alianguka, au alipigwa, au ni kitu kilimpata mkiwa mnakimbia? Mlikaa bila chakula? Alikuwa anasema maneno nilipomwacha, "mama", "maji", "kuku", hayo matatu nayakumbuka, yalipotea lini? Niandikie kwa mkono wako, uweke tarehe unazokumbuka, na kama hukumbuki sema hukumbuki. Usinifanyie historia nzuri. Nzuri tunayo tayari. Nitainakili kwa mwandiko wangu, picha yako nitaifuta, jina lako halitaonekana popote. Na kama unaona hatari kwako na kwa Gisa ni kubwa, kataa, na mimi nitabaki dada yako vile vile. Nitamwambia Stellah aache nafasi ile tupu, atuandikie anachoweza.

Lakini kama unachoogopa ni mimi, usiogope. Kama alianguka, alianguka kutoka mgongo wa mtoto mwenzake aliyekuwa amembeba. Kama ulimziba mdomo ili wasiwasikie, ulimziba akaishi. Sina kesi na wewe. Nina shukrani ambayo imechelewa miaka kumi na mmoja, na nilikuwa sijui niianzie wapi bila kuuliza.

Jambo la mwisho ni la leo. Tulipotoka kanisani Béné alikaa mlangoni kusoma zaburi aliyopewa kwa Jumapili ijayo. Akakwama. Vidole vikaanza kifuani, ta-ta, vinangoja, ta. Sikumkataza. Nikaenda kukaa nyuma yake, nikaweka vidole viwili mgongoni mwake nikamsaidia kugonga. Akacheka. "Si vile, mama." Nikajaribu tena, taratibu. "Hapana, mama. Wewe hauijue." Akarudi kwenye kitabu chake, akaendelea peke yake mpaka mwisho wa aya.

Hauijue. Nimembeba tumboni, nimemnyonyesha, na kuna kitu kwenye mwili wake sikijui. Nadhani najua nani anakijua. Nadhani mlikuwa mmejificha mahali, na hukuweza kumuimbia, ukamgongea vidole.

Kama maneno yatakataa, mdogo wangu, anza na vidole. Nitumie sauti ya kugonga tu, bila neno. Hiyo Béné anaruhusiwa kusikia.

Baudouin anajua nakuandikia. Hakusema ndiyo, lakini leo asubuhi ameniachia simu, imejaa chaji, akaenda zake. Anakusalimu. Mama Orpa anakusalimu na ulimi wake wote, na ameniomba kimya kimya nimuulizie kama Stellah anapima na watoto wa la pili. Mwalimu Benon hamjuani, lakini salamu zake pokea. Msalimie sana shemeji Bienfait, mwambie namshukuru kwa kukutunza. Mbusu Gisa kwenye shavu la kulia kwa ajili yangu na la kushoto kwa ajili ya Béné.

Mungu aliyewapitisha wawili njia ile nisiyoijua, awe juu ya mlango wako huko kwenye baridi, na akupe usingizi.

Mimi dada yako niliyekuachia siku tatu, na nikupendaye siku zote,

Jocelyne, mama Bénédicte.